Nianze na chuma, mbio au karate? Jibu kwa kijana wa Tanga

Swali lenyewe nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo sensei. Niko Tanga, nina miaka 26, nafanya karate ya mtindo wa Goju-ryu huu mwaka wa tano, mkanda wa kahawia. Dojo (darasa la karate) ni Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, saa 12 jioni mpaka saa 2 usiku. Kuna jimu hapa mtaani, huwa napita saa 10 kupiga chuma kabla ya dojo maana nikitoka kule wameshafunga. Asubuhi nakimbia kilomita 8, siku 5 kwa wiki. Nguvu naona zimeongezeka ila mateke yamekuwa mazito, na kwenye kumite (pambano) dakika ya pili tu nimeisha. Jamaa mmoja ananiambia nikimbie kwanza ndo niingie dojo, mwingine anasema niache chuma kabisa kinanifanya mzito. Tuna mashindano baada ya wiki 10. Nianze na kipi nimalizie na kipi?"

Marahaba mdogo wangu. Nikupe jibu fupi kwanza, ukichoka kusoma uwe nalo mkononi: ufundi kwanza, halafu vitu vya kasi, halafu chuma, pumzi (mbio na kazi ya moyo na mapafu) iwe ya mwisho. Hivyo ndo inavyokaa ndani ya siku moja. Kwenye wiki na kwenye hizo wiki 10 mambo yanabadilika kidogo, nitafika huko.

Sasa kwa nini iwe hivyo. Jiulize swali moja, kati ya hivi vitu vitatu kipi kinaharibika zaidi nikikifanya nimechoka? Mbio ukikimbia umechoka utaenda polepole, basi, moyo unafanya kazi yake vilevile na mapafu hayajui kwamba umetoka kunyanyua. Chuma ukinyanyua umechoka utapunguza kilo tano, kumi, umepoteza kidogo ila kazi imefanyika. Lakini teke ukilipiga umechoka mwili unaokota lile teke bovu na kulitunza, kesho kutwa ukiwa mzima kabisa unashangaa linatoka lilelile bovu, kwa sababu marudio mia tatu ya wiki nzima uliyafanya na miguu ya kukopa.

Tuchukue mawashi geri, teke la kuzungusha, maana ndo hilo unalolalamikia. Usiangalie mguu unaopiga, kila mtu anaangalia huo. Angalia uliobaki chini. Ukiwa na nguvu zako ule mguu wa chini unazunguka kwenye kidole, kisigino kinageuka mpaka kinamtazama unayempiga, nyonga inafunguka na teke linapanda bila kulazimisha. Sasa umetoka kupiga skwati seti tano saa 10 jioni, umeingia dojo saa 12, paja limejaa, mwili unakwepa ile kazi ya kuzunguka. Kisigino kinabaki kimeangalia pembeni, nyonga imefungwa nusu, teke linaishia mbavuni badala ya kichwani, na ule msokoto ambao ungebebwa na nyonga unaenda kubebwa na goti. Ndo uzito unaousikia huo. Wala si misuli mikubwa, ni misuli ambayo haijapata muda wa kurudi.

Hili la goti sikuambii kwa kusoma tu. Nikiwa na umri kama wako tulikuwa na mwalimu mmoja, Mungu ambariki, alitupenda sana ila alikuwa anatukimbiza kwenye mchanga wa baharini, mchanga ule mkavu wa juu, nusu saa nzima halafu tukirudi moja kwa moja kumite. Siku moja nimegeuka kupiga ura mawashi, teke linalozunguka na kupiga kwa kisigino, mguu wa chini ukagoma kugeuka, mwili umeenda goti limebaki. Miezi minne nilikuwa nashuka ngazi kwa kushika ukuta kama bibi harusi. Yule mzee hakuwa na nia mbaya, na yeye alifundishwa hivyohivyo, tatizo ni kwamba tulikuwa tunapima mazoezi kwa jasho. Fulana ikikamuka maji basi tizi limekubali.

Na hapo niseme kitu kwa madojo yetu mengi, darasa linaanza na pushapu 200 na skwati za kuruka, watu hoi, ndo wanaambiwa haya sasa tujifunze kata mpya, yaani mfululizo wa mapigo uliopangwa. Ukienda kwenye mizizi ya mtindo wako mwenyewe mambo yalipangwa vizuri tu na majina yenyewe yanakwambia. Miyagi Chojun, mwanzilishi wa Goju-ryu, alitenganisha junbi undo na hojo undo. Junbi ni maandalizi: unafungua vidole vya miguu, vifundo, magoti, nyonga, mgongo, shingo, unapasha mwili mpaka uko tayari. Hojo ni nyongeza, kitu cha kusaidia: kule ndo kuna chi ishi, lile jiwe lenye mpini, na nigiri game, ile mitungi unayoishika kwa vidole kwenye mdomo wa mtungi ukatembea nayo. Kazi ya nguvu iliitwa msaidizi. Sisi tumemchukua msaidizi tumemweka mlangoni awachoshe wageni kabla hawajaingia.

Kuhusu huyo anayekwambia uache chuma, mwambie asante halafu usimsikilize. Chuma kikipigwa vizuri hakimfanyi mtu mzito, kinamfanya asukume ardhi kwa nguvu zaidi, na gyaku zuki, ngumi ya mkono wa nyuma, inaanzia kwenye kusukuma ardhi kwa mguu wa nyuma. Kinachoongeza mwili ni seti nyingi za mara 10, 12, 15 mpaka misuli inawaka pamoja na sahani za wali juu yake, ile staili ya wanaotaka kifua cha kupigia picha. Wewe nataka upige mara 3 mpaka 5 kwa seti, seti 3 au 4, chuma kizito ila uache mara moja au mbili mfukoni, usifike pale pa kutetemeka na kupiga kelele. Upumzike dakika 3 kati ya seti. Skwati, dedilifti, kuvuta mwili kwenye bomba, kitu kimoja cha kusukuma, basi, dakika 45 umetoka. Jimu watakuona mvivu na hilo halituhusu.

Tatizo lako kubwa kuliko chuma ni zile mbio. Kilomita 8 mara 5 ni 40 kwa wiki, hiyo ni dozi ya mtu anayejiandaa na nusu marathoni. Mwaka 1980 mtafiti Mmarekani anaitwa Robert Hickson alichukua watu akawagawa makundi matatu, wengine chuma tupu, wengine mbio na baiskeli tupu, wengine vyote viwili, wiki 10, kama hizo zako. Waliofanya vyote waliendelea kupata nguvu wiki za mwanzo sawasawa na wale wa chuma tupu, halafu kufika wiki ya 7 au ya 8 zikasimama, na mwishoni zikaanza kushuka, huku wenzao wa chuma tupu wanapanda tu. Dozi yao ilikuwa kali sana, chuma siku 5 na pumzi siku 6, kwa hiyo usiogope kwamba ukikimbia mara mbili kwa wiki miguu itayeyuka. Ila wewe mbio 5, chuma 3, dojo 3, jumla mara 11 kwa wiki na bado unafanya kazi ya kukupa mkate, hauko mbali sana na wale jamaa wa Hickson.

Na mbio zenyewe hazifanani na pambano. Kumite yenu ni dakika 3. Ndani ya hizo dakika 3 hukimbii mwendo mmoja, unaruka-ruka, unapima umbali, halafu ghafla unalipuka sekunde mbili tatu, mnatenganishwa na refa, mnarudi mstarini, unalipuka tena. Ule mlipuko unaendeshwa na akiba ndogo ya haraka iliyopo ndani ya misuli, inaisha ndani ya sekunde 10 hivi ukiitumia kwa nguvu zote, na kujaa tena vizuri inataka dakika 3 mpaka 5. Refa hakupi dakika 3, anakupa sekunde chache. Kwa hiyo unahitaji vitu viwili: mlipuko wenyewe uwe mkali, hiyo ni kazi ya chuma na kasi, na mwili uweze kujaza ile akiba harakaharaka katikati, hiyo ndo kazi ya pumzi. Mbio nyepesi zinasaidia hicho cha pili, ndo maana sikufutii zote. Mbili kwa wiki, dakika 30 mpaka 40, mwendo ambao unaweza kupiga stori na mtu pembeni bila kukata maneno. Ukishindwa kuongea umezidisha.

Wiki yako sasa naiona hivi, utairekebisha kulingana na kazi yako na saa za jimu. Chuma kizito cha miguu hamishia Jumapili jioni kama jimu inafunguliwa, ili misuli ipate muda wa kurudi kabla ya dojo: ukipiga Jumapili, Jumatatu unakimbia kidogo kulegeza, Jumanne jioni unaingia dojo na miguu yenye akili. Jumatano chuma cha pili, hapa zaidi mikono na mgongo, miguu gusa tu kwa seti mbili za kuruka juu ya kitu cha usawa wa goti, asubuhi yake unaweza kuweka zile mbio za pili. Alhamisi dojo na usiongeze chochote, chochote kabisa. Ijumaa pumzika. Jumamosi dojo, na baada ya dojo, sio kabla, ndo unaweka pumzi kali ya wiki.

Hiyo pumzi kali nielezee maana watu wanaharibu hapa. Mtafute mwenzio mwenye pedi. Raundi ya dakika 3, kila sekunde 15 au 20 anainua pedi, unaingia na mchanganyiko wa mapigo mawili matatu kwa nguvu zote kisha unatoka, unacheza na miguu, unasubiri ainue tena. Pumzika dakika 2, rudia. Anza na raundi 3, baada ya wiki kadhaa ziwe 5. Huna mwenzio, tafuta kilima, panda kwa kasi sekunde 10, shuka unatembea, mara 8. Halafu nenda nyumbani ukale, usianze tena pushapu za adhabu.

Kama haiwezekani kabisa kutenganisha siku, kuna watu kazi inawabana, basi siku moja iwe na asubuhi chuma na jioni dojo, masaa 6 katikati ni kiwango cha chini, na hapo katikati ule vizuri na unywe maji maana joto la Tanga mnalijua wenyewe. Yako ilikuwa masaa mawili, na nusu saa ya hayo uko kwenye daladala. Na kama jimu haipatikani ila saa 10 hiyohiyo, afadhali uipige chini siku za dojo, ufanye kazi ya nguvu nyumbani baada ya darasa: dumu la lita 20 likijaa maji ni kilo 20 na kidogo, yakiwa mawili una 40, unaweza kuyashika ukatembea nayo, ukapanda nayo ngazi ukashuka, tena yanakupa mshiko wa nigiri game bila kuagiza mitungi Okinawa huko Japani. Gunia la mchanga nalo linafaa. Mfungo ukiingia sogeza kila kitu usiku baada ya futari, mbio kali za mchana ziache.

Ndani ya dojo huna mamlaka ya kupanga, nalijua hilo, sensei akisema pushapu ni pushapu. Ila unaweza kufika saa 11 na dakika 35. Pasha mwili dakika 10: kamba kidogo, zungusha nyonga, rusha mguu mbele nyuma na pembeni. Usikae kwenye msamba dakika tatu tatu kabla ya kupiga mateke, kunyoosha misuli kwa muda mrefu ukiwa umetulia kunapunguza mlipuko kwa muda, hiyo iweke mwisho wa darasa. Halafu dakika 15 za kwanza, kabla hajafika mtu, ni za ufundi wako. Kitu kimoja tu. Mawashi mguu wa kulia leo, kushoto Alhamisi. Mara 5 polepole ukiangalia kisigino, mara 5 kwa kasi yote, pumzika dakika mbili kamili. Rudia mara nne. Utajiona unazembea, mateke 40 kwa dakika 15 nani kafanya hivyo, ila hayo 40 yote yanatoka mazima na hayo ndo mwili unayatunza. Darasa likianza na pushapu zake wewe umeshaiba cha muhimu.

Na ukiwa na ukaribu na sensei mwambie, ila usimwambie mbele ya darasa na usimwambie kwamba umesoma mahali anakosea, tafadhali, utaniharibia jina. Muulize kwa heshima: "Sensei, naomba siku moja kwa wiki zile pushapu tuzifanye mwisho, nataka nione mateke yatakuwaje." Wengi wao ni watu wasikivu sana ukiwafuata pembeni. Na wengine wana sababu zao, darasa lina watu 40, nusu ni watoto wenye fujo, pushapu 100 ndo zinawatuliza. Hapo namwelewa kabisa.

Kuna hali moja ambapo nageuza mpangilio kwa makusudi. Wiki tatu nne kabla ya mashindano, mara moja kwa wiki, nakuchosha kwanza halafu nakupeleka kwenye kumite. Lakini ukiwa umechoka unatumia tu yale ambayo tayari ni yako, kizami zuki yako (ngumi ya mkono wa mbele), gyaku zuki yako, yale yanayotoka hata ukiamshwa usingizini. Huko tunajifunza utulivu, mikono isishuke, macho yasifunge. Kata mpya au teke jipya ukilifundishwa katika hali hiyo ni kumwaga maji kwenye pakacha. Nafikiri hapa ndo mabishano mengi ya vijiweni yanapotokea, mmoja anasema ufundi ufanywe ukiwa umechoka kwa sababu pambano lina uchovu, mwenzie anasema hapana, na wote wawili wako sawa ila wanaongelea watu tofauti: mmoja anamwongelea anayejifunza, mwingine anamwongelea anayejiandaa.

Wiki 10 zako basi. Nne za mwanzo chuma kiwe mara mbili kwa wiki na kipande polepole, pumzi iwe ile nyepesi na raundi chache, huu ndo muda wa kutengeneza mawashi mpya. Wiki ya 5 mpaka ya 8 punguza chuma kiwe mara moja tu kwa wiki, usishangae, nguvu ukishazipata hazikimbii haraka, kipindi kimoja kizito kwa wiki kinatosha kuzishikilia, na nafasi iliyobaki wape raundi za pedi na kumite. Ufundi mpya unafungwa hapo, kile ambacho hakijakaa mpaka wiki ya 6 achana nacho mpaka baada ya mashindano. Wiki ya 9 na ya 10 kata kiasi cha mazoezi karibu nusu lakini kasi ibaki ileile: mateke machache, makali, mapumziko marefu. Hapo ndo vijana wanaponishinda, wanaona wamelala wanaanza kukimbia kilomita 10 siku tatu kabla ya pambano "kuweka pumzi". Pumzi ya siku tatu haipo. Kilichopo ni kuingia ulingoni na miguu ya saa 10 jioni ileile.

Na mawashi ya kichwani ina pointi 3 kwenye mashindano, ngumi ya gyaku zuki ina 1, kwa hiyo ukilirudisha hilo teke unajua mwenyewe hesabu yake.

Kabla hujabadilisha chochote nifanyie kitu kimoja. Kesho Jumanne fanya ratiba yako ya zamani kama kawaida, skwati saa 10, dojo saa 12, weka simu chini ukutani irekodi mawashi 10 za mguu wa kulia kwa ubavu. Halafu Jumanne ijayo usipite jimu, rekodi 10 nyingine palepale. Ziangalie taratibu, simamisha picha pale mguu unapogusa pedi, hesabu ni mara ngapi kati ya 10 kisigino cha chini kimemtazama mwenzio. Niandikie hizo namba mbili tu, za kwanza na za pili, tukishakuwa nazo ndo tutapanga kilo za skwati.